Nukta ya Jumamosi

Mke wa fundi saa hakulia. Aliuweka mkoba wa dawa juu ya kaunta, akavuta zipu, akaonyesha kwa kidole mahali palipokuwa wazi.

"Amechukua moja tu," alisema. "Sindano ya kutwa moja. Jumamosi aliniambia, mama watoto, saa nane nimerudi, msile bila mimi. Leo Jumatatu. Daktari anasema huyu akikosa insulini siku ya tatu anaanza kuzimika. Sasa niambie wewe, Inspekta, mwanamume anayemtoroka mkewe anaacha dawa zake zote kwenye friji?"

Inspekta alizihesabu sindano zilizobaki. Kituoni walimwita Mama Tena, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kila aliyewahi kukaa mbele ya meza yake alilisikia neno hilo mpaka likamtia kichefuchefu: tena, hebu nieleze tena. Alikuwa na imani yake moja ambayo hakuna mkubwa aliyefaulu kumwondolea. Mtu anayesema kweli hukosea. Husahau, hurudi nyuma, hugombana na kumbukumbu yake mwenyewe. Uwongo ndio hutoka umenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Koplo alisimama mlangoni, mikono nyuma. Alibakiza miezi minne astaafu, na kesi hii alikwisha kuifunga kichwani mwake tangu asubuhi.

"Shemeji," alisema kwa upole, "pikipiki yake tumeikuta stendi ya mabasi. Imefungwa vizuri, imeegeshwa vizuri. Mtu hafiki stendi kwa bahati mbaya."

"Nani shemeji yako?" mwanamke alimkata. "Mtafute mume wangu kwanza, ndipo tujuane huo ushemeji."

Ukutani saa zaidi ya thelathini zilikuwa zikigonga, za mbao, za bati, za wateja na za kuuza, na zote zilisema saa saba kasoro dakika kumi. Mkuu wa kituo naye alikuwa upande wa Koplo. Alikwisha kutoa amri kwamba ikifika saa kumi jioni faili lifungwe, iandikwe kwamba mtu mzima kaondoka kwa hiari yake.

"Nazitia ufunguo mimi tangu juzi," mke wa fundi alisema, akiwa amemwona Inspekta anavyozitazama. "Najua ni upuuzi. Lakini zikisimama nitachanganyikiwa."

"Si upuuzi," Mama Tena alisema. Akatoa kwenye bahasha kitabu chembamba chenye jalada gumu, walichokikuta ndani ya sanduku la pikipiki. "Nieleze kuhusu hiki, na mchezo wenyewe tena."

"Hicho ni kitabu chake cha ruhusa." Uso wa mwanamke ulilainika kidogo. "Wenzake wanamcheka nacho. Wana mchezo wao, wanauita mchezo wa nukta. Kompyuta ya mwalimu mmoja inachagua mahali popote wilayani, ovyo tu. Huenda ikawa mlimani, huenda ikawa katikati ya boma la mtu. Wao wanashindana nani atafika kwanza, asimame hapohapo, apige picha, afunge utepe mwekundu. Basi. Hakuna zawadi. Mtu mzima na akili zake."

"Na ruhusa?"

"Wengine wanabisha hodi, wanaomba kwa mdomo. Mume wangu hapana. Huyo hata kwa kaka yake haingii bila kuitikiwa. Ana fomu. Jina la mwenye shamba, tarehe, saa, njia ya kupita, hatari zilizopo, sahihi. Nyeupe anamwachia mwenye shamba wakati wa kuondoka, ya njano inabaki kitabuni. Na katikati kaboni ya kunakilia, mpya kila fomu. Mtu wa saa huyo, hapendi kitu kilichofifia."

Mama Tena alifungua ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Ulikuwa wa Alhamisi. Baada yake palikuwa na meno ya karatasi kwenye mshono, mahali ambapo kurasa mbili zilichanwa kwa pamoja, kisha fomu tupu mpaka mwisho.

"Labda aliharibu fomu, akaichana," Koplo alisema kutoka mlangoni.

"Mume wangu haharibu fomu," mke wa fundi alisema.

*

Jumapili walikuwa wamekwenda kwa mwenye shamba. Hawakuhitaji kubahatisha, maana wenzake fundi, ambao Jumamosi hiyo hawakwenda, walisema nukta iliangukia ndani ya ekari zake arobaini, kilomita kumi na mbili kutoka stendi. Mwenye shamba alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mzee nadhifu mwenye buti safi na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Aliwapokea vizuri. Maelezo yake yalikuwa mafupi: fundi alikuja Ijumaa jioni kuomba ruhusa ya kesho yake, yeye akamkatalia kwa sababu ana ng'ombe mwenye ndama mchanga, fundi akashukuru, akaondoka. Jumamosi hakumwona.

Na kwa kuwa mke wa fundi alimwona mumewe mzima Jumamosi asubuhi, akinywa chai, mwenye shamba alitoka msafi kabisa.

Walikuwa wametembea mpaka kwenye nukta yenyewe. Hapakuwa na utepe mwekundu. Mambo mawili tu yalimkwaruza Mama Tena siku ile, na hakujua ayaweke wapi. La kwanza, mashine ya kukatia majani ilinguruma muda wote waliokuwa pale, hata wakalazimika kupiga kelele ili wasikilizane, na mdomoni mwake hapakuwa na hata jani moja. La pili, hori la ng'ombe lilikaa peke yake kwenye nyasi ndefu, karibu na njia ya kwenda kwenye nukta. Pembeni mwa hori nyasi zilikuwa mbichi, hapana alama ya kwato hata moja. Ng'ombe gani hao wanaokula bila kukanyaga?

Aliyaandika yote mawili. Koplo alisema wafugaji wana mambo yao.

*

Mwalimu wa hesabu walimkuta kwenye chumba cha walimu, akisahihisha madaftari huku akitafuna kalamu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye macho mekundu ya mtu aliyekosa usingizi.

"Najilaumu mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Mimi ndiye ninayeitoa nukta."

"Unaitoaje?"

"Kompyuta inachukua vipimo vya kituo cha hali ya hewa. Joto, upepo, unyevu. Inavichanganya, inatoa nukta, nawatumia wote kwa simu kwa wakati mmoja."

"Unaitoa siku gani? Tuseme nukta ya Jumamosi."

"Jumamosi yenyewe. Vipimo vya saa tatu kamili asubuhi."

Mama Tena aliacha kuandika. "Ijumaa jioni, nani angeijua nukta ya Jumamosi?"

"Hakuna mtu."

"Wewe mwenyewe? Kwa kuchungulia tu, kumsaidia rafiki?"

"Afande, hata mimi siwezi. Upepo wa saa tatu haujavuma bado, nitaujuaje? Ndiyo raha yenyewe ya mchezo." Mwalimu alimtazama Koplo, akamrudia Inspekta. "Kwani vipi?"

"Tena," Mama Tena alisema. "Niambie tena, polepole, na Koplo aandike."

Mwalimu alisema tena. Safari hii alikosea, akataja saa mbili, akajisahihisha, akataja na sababu ya kuhama kutoka saa mbili kwenda saa tatu mwaka jana. Maelezo yalipinda kila mahali. Mama Tena aliyaamini yote.

Walitoka nje. Kwenye ngazi Koplo alisimama.

"Basi Ijumaa hakwenda mtu pale," alisema.

"Mtu anaombaje ruhusa ya kuingia mahali ambapo bado hapajachaguliwa? Mzee yule ametunga hadithi ya mchezo asioujua. Amedhani wanapanga mapema, kama wageni wa harusi." Mama Tena aliingia ndani ya gari. "Twende."

Njiani alikifungua tena kitabu cha ruhusa. Aliyezichana zile kurasa alichana nyeupe na njano kwa pamoja, na alifanya kwa haraka. Kaboni haikushonwa kitabuni. Mama Tena alikishika kitabu juu chini, akakikung'uta, na kutoka katikati ya fomu tupu karatasi nyeusi ikamdondokea mapajani. Ilikuwa mpya, iliyotumika mara moja tu, kama alivyosema mke wa fundi.

Aliiinua kwenye kioo cha gari. Jua likapita kwenye mikwaruzo ya kalamu na maandishi yakajitokeza meupe. Jumamosi. Saa nne na dakika ishirini. Njia ya kupita: getini, zizini, moja kwa moja. Hayo yalikuwa maandishi ya fundi, madogo, yamesimama wima. Chini yake palikuwa na mkono mwingine, mzito, wenye herufi za kulala. Hatari zilizopo shambani: *Hakuna*. Kisha sahihi.

"Koplo," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. "Kanyaga mafuta."

*

Mashine ya kukatia majani waliisikia kabla hawajafika getini.

Mwenye shamba aliwatolea viti barazani, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti. Ilikuwa saa tisa na robo. Mama Tena alikaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, kwa sababu ya makelele.

"Nimekuja kukusumbua kidogo, mzee wangu. Nieleze tena ya Ijumaa."

"Si nilikwisha kueleza, Afande?"

"Ndiyo. Tena."

Mwenye shamba alieleza. Koplo alifungua daftari la jana, akawa anafuata mstari kwa mstari kwa kidole. Alikuja Ijumaa jioni. Nikamkatalia, nina ng'ombe mwenye ndama mchanga. Akashukuru, akaondoka. Jumamosi sikumwona. Koplo aliinua macho, akatikisa kichwa kwa mshangao. Hakuna neno lililoongezeka, hakuna lililopungua.

"Aliomba ruhusa ya kwenda wapi?"

"Kule chini. Kwenye hiyo nukta yao."

"Ya Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Ilichaguliwa Jumamosi saa tatu asubuhi," Mama Tena alisema. "Ijumaa jioni nukta hiyo haikuwepo duniani."

Mzee aliivua miwani ambayo hakuwa ameivaa. Mkono ulikwenda usoni, ukakuta hakuna kitu, ukashuka kuitafuta kifuani.

"Huenda... siku zinanichanganya. Uzee huu. Huenda ilikuwa Jumamosi. Ndiyo, Jumamosi. Lakini nilimkatalia. Sikusaini kitu."

Mama Tena hakubishana. Alitoa kaboni kwenye bahasha, akainyoosha kuelekea kwenye mwanga, shubiri moja kutoka kwenye pua ya mzee. Alimwacha asome mwenyewe. Alimwona macho yakitembea, yakafika chini, yakakwama.

"Huo mwandiko ni wa nani?"

Mzee aliurudisha mgongo nyuma kitini.

"Ulimkubalia, ukamsainia, akaingia. Baadaye ukachana karatasi, ukaipeleka pikipiki stendi. Sikuulizi kwa nini, sina muda huo. Mtu yule ni mgonjwa, sindano yake imekwisha juzi, na mkewe yuko dukani anatia saa ufunguo ili asipate wazimu. Nakuuliza kitu kimoja. Yuko wapi?"

Mzee hakumtazama Inspekta, wala Koplo. Alitazama mashine.

Na Mama Tena naye akaitazama. Mdomo mtupu, visu vinazunguka, hakuna majani jana, hakuna majani leo. Mtu anachoma mafuta siku tatu akikata hewa! Mashine ile haikuwa inafanya kazi ya majani. Ilikuwa inafunika sauti.

"Koplo! Izime!"

"Usizime!" Mzee aliruka kutoka kitini, akamshika Koplo mkono. "Afande, nakuomba, usizime!"

Koplo alijinasua, akakimbia kwa mwendo ambao kituoni hakuna mtu angeuamini, akagonga swichi kwa kiganja. Mashine ilikohoa, ikapungua, ikanyamaza.

Masikio yalibaki yanavuma. Kisha ng'ombe mmoja akapumua zizini. Kisha, kutoka upande wa hori, chini, chini sana, kitu kikagonga. Ko. Kikatulia. Ko. Ko.

Mama Tena alikuwa tayari anakimbia. Hori lilikuwa la mbao nzito, na alilisukuma kwa bega bila kungoja mtu. Koplo alifika, akashika upande wa pili. "Na wewe!" alimfokea mwenye shamba aliyekuwa amewafuata. "Ulilibururaje peke yako? Shika!" Mzee akashika. Wote watatu walisukuma, hori likateleza, na chini yake palikuwa na mabati mawili, na chini ya mabati mdomo wa kisima kikavu, kipana kiasi cha kummeza mtu mzima bila kumgusa. Pembeni palikuwa na kamba ndefu iliyofungwa dumu dogo.

"Nilimpa maziwa," mzee alisema. Alikuwa amepiga magoti na machozi yalimtoka waziwazi. "Muulize. Kila jioni nilimshushia maziwa. Kila jioni nasema kesho namtoa. Halmashauri walituamuru tufukie visima vikavu, mwaka jana, baada ya yule mtoto kutumbukia. Walileta karatasi ya kusaini kwamba nimekwisha kufukia. Nikasaini. Nikasema nitafukia, nikasaini, wakaondoka. Na yeye akaja na karatasi yake, anauliza hatari. Ningeandika nini, Afande? Ningeandika kisima kipo, na kule nimesaini hakipo?"

"Ungemwambia kwa mdomo," Mama Tena alisema. "Pita kushoto. Maneno mawili."

Mzee aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa nyasi.

Koplo alikwisha kuwa kwenye simu. Alipiga zimamoto, akapiga gari la wagonjwa, kisha akapiga mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilimwishia njiani. "Shem... samahani, mama. Tumempata. Yu hai. Chukua mkoba wa dawa, gari letu linakuja kukupitia."

Mama Tena alilala kifudifudi, akamulika tochi ya simu. Mita sita, huenda saba. Chini kabisa mtu alikuwa ameegemea ukuta, mguu mmoja umekaa vibaya, jiwe mkononi. Macho yake yalikuwa yamefumba. Midomo ilikuwa imepasuka. Mwanga ulipompiga usoni aliinua mkono kidogo, si kwa kuomba msaada, bali kama mtu anayejitetea.

"Niliomba ruhusa," alisema. Sauti ilipanda kisimani nyembamba, ya kukwaruza. "Jamani, mimi si mwizi. Niliomba ruhusa."

"Tunajua!" Mama Tena aliita. "Ni polisi. Umeomba, tunajua, tunayo karatasi. Vumilia, wanakuja kukutoa."

Mkono ulishuka. Jiwe likamponyoka. Kichwa kikaanza kuinama upande, taratibu, na Mama Tena akaelewa kwamba yule mtu alikuwa amejishikilia siku tatu kwa ajili ya kulisema neno hilo kwa mtu fulani, na sasa amekwisha kulisema, analala. Zimamoto walikuwa na nusu saa ya njia.

"Fundi!" alipiga kelele. "Fundi, usilale! Uliombaje? Nieleze!"

Kimya. Kisha: "Nilibisha hodi getini..."

"Ehe!"

"Akatoka. Nikampa fomu. Nikamuuliza, hatari ipo? Nikamuuliza mara mbili." Pumzi. "Akasema hakuna. Akaandika. Nikamshukuru."

Kichwa kilianza kuinama tena. Nyuma ya Inspekta, mwenye shamba alijaribu kusimama aondoke, Koplo akamkandamiza bega, akamrudisha chini palepale ukingoni, mahali ambapo kila neno lilifika.

"Tena!" Mama Tena alisema. "Sikusikia vizuri. Anza mwanzo."

Fundi alieleza tena. Alikosea, akasema Ijumaa, akajisahihisha, akakumbuka mbwa aliyembwekea, akasahau alipokuwa. Mara ya tatu alimtaja mkewe. Mara ya nne alilia. Mama Tena hakumwacha. Jua lilikuwa limempiga mgongoni na koo limemkauka, na kwa mbali, barabarani, aliisikia honi ya gari.

"Tena," alisema, na fundi akavuta pumzi, akaanza upya, kuanzia getini.